Kofia ya chuma ya vita imetiliwa shaka: kutoka dalili hadi chanzo chake

Kofia ya chuma ya kijeshi haina umri mmoja. Ina ganda, bitana, ukanda wa kidevu, ribiti au skrubu zinazoviunganisha, na rangi iliyopakwa juu ya vyote, na kila kimoja kati ya hivyo kina mwaka wake na mara nyingi kiwanda chake. Ndiyo maana mkusanyaji anayeuliza kama kofia ni halisi au bandia huuliza swali lisilo na jibu, kwa kuwa kofia nyingi zinazouzwa leo zina ganda halisi lililotiwa bitana ya baadaye na kupakwa rangi mwaka jana. Swali linalojibika ni hili: sehemu hizi zilikutana lini, na nani aliyezikutanisha? Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili anayoiona mnunuzi, kisha unapitia visababishi vyake, ukianza na vile visivyo na hila, maana si kila kisicholingana kimefanywa na tapeli. Nimejikita katika kofia za Waingereza, Wajerumani na Wamarekani kwa sababu ndizo zilizojaa sokoni.

Kabla ya kugusa chochote

Usiisafishe. Vumbi lililoganda nyuma ya bitana, jasho lililokaukia kwenye ngozi na kutu iliyojipenyeza shingoni mwa ribiti ndivyo vielelezo vyako, na mtu mwenye haraka na kipande cha msasa anaweza kuvifuta vyote kwa dakika tano. Andaa kioo cha kukuzia, sumaku ndogo, kipimo cha unene, kitambaa cheupe cha pamba, na tochi ya mwanga wa urujuanimno kama ile wanayotumia wenye maduka kukagulia noti. Fanya kazi mchana, karibu na dirisha, kwa sababu taa ya umeme huficha tofauti kati ya rangi mbili za kijani zilizopishana miaka thelathini. Kofia za Waingereza za Vita vya Kwanza zinahitaji tahadhari ya ziada, kwani nyingi ziliwekwa asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu, ndani ya bitana: usizikwangue, usizipulize kwa mdomo, na usimpe mtoto ajaribu kuivaa.

Dalili: sumaku inanata, au inakataa kunata

Mwaka 1882 Robert Hadfield wa Sheffield aligundua chuma kilichochanganywa na madini ya manganizi takriban asilimia 12, ambacho huzidi kuwa kigumu kadiri kinavyogongwa na ambacho hakivutwi na sumaku, au huvutwa kwa udhaifu sana. John Leopold Brodie alipopata hataza ya kofia yake jijini London mwaka 1915, maganda ya kwanza kabisa yalitengenezwa kwa chuma laini, lakini tangu Oktoba mwaka huohuo watengenezaji walihamia chuma cha Hadfield. Chuma hichohicho kilitumika katika M1917 ya Wamarekani, katika Mk II (yaani Mark II, toleo la pili la kofia ya Brodie) za jeshi zilizotoka viwanda vya Uingereza, na katika M1 ya Wamarekani iliyoidhinishwa mwaka 1941. Kwa hiyo sumaku inayong'ang'ania utosi wa mojawapo ya kofia hizi inadai maelezo.

Kisababishi cha kwanza ni kosa la mpimaji. Kwenye Brodie ya Mk I utepe wa ukingo ni wa chuma laini, na vifungo vya ukanda wa kidevu navyo vinaweza kunasa sumaku, kwa hiyo ijaribu utosini, mbali na ribiti. Ikiwa bado inanata kwa nguvu kwenye kofia yenye umbo la Mk II, yaelekea umeshika kofia ya walinzi wa raia, iliyotengenezwa kwa chuma laini kwa ajili ya waliobaki mijini wakati wa mashambulizi ya ndege. Hiyo si bandia hata kidogo, ila haikuvaliwa vitani na bei yake ni nyingine. Ikiwa ni yenye umbo la M1, fikiria Ulaya: baada ya 1945 nchi kadhaa, zikiwemo Ubelgiji, Uholanzi, Ufaransa na Denmark, zilitengeneza kofia za mfano huo, na nyingi kati yake huvutwa na sumaku. Kisababishi cha mwisho ndicho kibaya, yaani ganda jipya lililotengenezwa kwa ajili ya waigizaji wa vita na wapiga filamu. Hili mara nyingi huwa jembamba kuliko linavyopaswa, na hapo ndipo kipimo cha unene kinapoonyesha faida yake. Kwa kofia za Wajerumani sumaku haina msaada wowote, kwani hunata kwa halisi na kwa bandia sawia.

Dalili: kutu imeenea sawasawa kila mahali

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua Mk II kwa mchuuzi mmoja wa vitu vya kale, na kilichonivutia, nakiri, kilikuwa ni kutu yenyewe. Ilikuwa imetanda ndani na nje, utosini na ukingoni, kwa rangi moja ya chungwa iliyokolea kama bizari iliyomwagwa kwa ungo. Nilipoifikisha nyumbani nikaipitishia kitambaa cheupe kikatoka na rangi yote kiganjani. Nikafungua skrubu ya utosini, na chini yake, mahali ambapo hewa haifiki kirahisi, nikakuta chuma kinang'aa na chembe nyeupe za chumvi pembeni. Mtu alikuwa ameikwangua rangi, akaimwagia siki na chumvi, akaiacha juani siku chache.

Kutu ya kweli huandika historia ya mahali kofia ilipolala. Iliyotundikwa chali ghalani huoza utosini, ambako maji ya paa hutuama. Iliyowekwa kifudifudi kwenye sakafu ya udongo huoza ukingoni. Iliyovaliwa sana hukwanguka rangi pale mkono unapoishika, mbele na nyuma ya ukingo, na kutu huanzia hapo kwanza. Kutu ya miaka mingi ni ya kahawia inayokaribia weusi, imeng'ang'ania, na imeinua rangi kutoka chini ili kingo za rangi iliyobaki zionekane kama maganda madogo yaliyojikunja. Ile ya juzi ni ya chungwa, ni unga, na imekaa juu ya chuma badala ya ndani yake. Iangalie pia ndani ya herufi zilizogongwa: kama kutu imejaa kwenye mifereji ya herufi lakini chuma kinachozizunguka kimepigwa msasa, basi mtu amepita hapo.

Kofia iliyofukuliwa ardhini huwa na mashimo mashimo, haina rangi ya kutajika, na ngozi yake imekwisha. Ukiona ganda lililotoboka kama kichungi lakini bitana yake ya ngozi ni laini na imekamilika, tambua kwamba vitu hivyo viwili havikuzikwa pamoja. Hapa niongeze jambo linalowahusu wasomaji wa Mombasa, Tanga na Zanzibar. Upepo wa bahari una chumvi, na kofia halisi iliyokaa pwani inaweza kuwa na kutu mpya ya chungwa juu ya kutu nzee ya kahawia. Tofauti yake na ile ya siki ni kwamba tabaka zote mbili zitakuwepo, na mahali palipofunikwa na bitana patakuwa pameathirika kidogo tu.

Dalili: miaka iliyogongwa haikubaliani

Mk II ni kofia rahisi kusomeka kuliko zote. Chini ya ukingo, kwa kawaida karibu na kifungo cha ukanda, mna herufi za kiwanda na mwaka: BMB ni Briggs Motor Bodies, ROCo ni Rubery Owen, HBH ni Harrison Bros & Howson, JSS ni Joseph Sankey & Sons. Vifungo vya ukanda navyo hugongwa mwaka, na bitana ina mhuri wa mtengenezaji wake, kipimo cha kichwa na mwaka. Tofauti ya mwaka mmoja au miwili kati ya sehemu hizi haina tatizo, kwa kuwa viwanda vya maganda havikuwa viwanda vya bitana na bidhaa zilisubiriana maghalani.

Tofauti ya miaka ishirini nayo ina maelezo halali. Kati ya 1936 na 1940 Waingereza waliyatoa maganda ya Brodie yaliyobaki tangu Vita vya Kwanza, wakayatia bitana mpya na ukanda mpya wa kunyumbuka, na kuyaita Mk I*. Kwa hiyo ganda la Vita vya Kwanza lenye bitana ya 1938 linaweza kuwa halisi kupindukia, na nimewahi kumwona mtu akimrudishia muuzaji kofia nzuri ya aina hiyo akidhani ameibiwa. Ganda la 1941 lenye bitana ya miaka ya 1950 nalo lina sababu, kwani idara za ulinzi wa raia ziliendelea kutumia na kutengeneza Mk II baada ya vita.

Kutofautisha matengenezo ya jeshini na ufundi wa mchuuzi, tazama skrubu ya utosini. Kama skrubu na nati havijaguswa tangu zamani, mfereji wa skrubu utakuwa na uchafu mkavu au rangi, na kuzunguka nati kutakuwa na duara la kutu au la rangi lisilokatika. Mfereji unaong'aa, wenye mikwaruzo mipya ya bisibisi, unasema kwamba bitana ilifunguliwa karibuni. Hilo pekee si hatia, kwa kuwa hata mimi nilifungua yangu ili kuikagua. Linakuwa hatia linapoambatana na kivuli: bitana iliyokaa miaka mingi huacha alama ya umbo lake kwenye rangi ya ndani ya ganda, na kivuli kisipolingana na bitana iliyopo, umeupata ushahidi wako.

Neno moja kuhusu kofia ya Kiingereza yenye umbo la "kobe" inayouzwa kama kofia ya waliotua Normandy, pwani ya Ufaransa, mwaka 1944. Mk III ya 1944 ndiyo iliyokuwepo Normandy, na ribiti za vifungo vyake ziko juu kidogo ubavuni mwa ganda. Mk IV, iliyoanza 1945, ina ribiti hizo chini karibu na ukingo, na bitana yake hufungwa kwa kibonyezo ili itoke upesi. Asiyeijua tofauti hiyo hulipa bei ya Normandy kwa kofia ya jeshi la miaka ya 1950.

Dalili: kuna matundu ukingoni

Matundu madogo yaliyotobolewa ukingoni mwa kofia ya Kiingereza yalikuwa alama rasmi kwamba ganda halikufikia kiwango cha kuvaliwa vitani, na kofia kama hizo ziligawiwa walinzi wa raia. Wauzaji huyaziba kwa gundi ya chuma na kupaka rangi juu. Pitisha kidole taratibu chini ya ukingo, kisha umulike kwa pembeni: kiraka hujitokeza kama uvimbe usioonekana kwa mwanga wa mbele.

Hata hivyo kuna matundu matatu yasiyo na maana hiyo. Mk II zilizotengenezwa Afrika Kusini na kampuni ya Transvaal Steel Pressing Syndicate zina matundu matatu nyuma ya ukingo, na bitana zake mara nyingi hubeba jina la Jager Rand. Majeshi ya Afrika Kusini yalipitia Kenya kuanzia 1940 kwenda kupigana na Waitaliano huko Somalia na Uhabeshi, hivyo kofia hizi zina haki kamili ya kupatikana upande wetu wa dunia. Usizizibe, na usimruhusu mtu akupunguzie bei kwa ajili yake. Tundu moja kubwa utosini ni habari nyingine. Ninayo moja ya namna hiyo, iliyotumika miaka mingi kulishia kuku.

Dalili: kofia ya Kijerumani inapendeza kupita kiasi

Hakuna kofia zinazoghushiwa kama hizi, na mara nyingi kinachoghushiwa ni nembo, si ganda. Anza na ganda. M35, yaani toleo la 1935, ina ukingo uliokunjwa kuingia ndani, na matundu yake ya hewa yamevikwa pete ndogo zilizotiwa kando. M40 imebaki na ukingo uleule, lakini tundu la hewa limefinyangwa kutoka kwenye ganda lenyewe. M42, iliyoanza Agosti 1942 ili kupunguza kazi kiwandani, haikukunjwa ukingo. Umeachwa umetanuka kwenda nje, na ukiupitishia ukucha utausikia makali yake. Unene wa ganda ni takriban milimita 1.1 hadi 1.2.

Ndani, upande wa kushoto, panapaswa kuwa na herufi za kiwanda na kipimo, kama vile Q64 ya kiwanda cha Quist cha Esslingen, ET66 ya Thale au NS62 ya Vereinigte Deutsche Nickelwerke ya Schwerte, na nyuma pawe na namba ya fungu la chuma. Kipimo hicho ni cha ganda. Bitana ina kipimo cha kichwa, na viwili hivyo hufuatana: ganda la 62 huchukua bitana ya 54 au 55, la 64 huchukua ya 56 au 57, la 66 huchukua ya 58 au 59. Bitana ya 59 ndani ya ganda la 62 imesukumizwa humo na mtu asiyejua hesabu hii. Ngozi ya bitana hukatwa ndimi nane zinazounganishwa kwa uzi juu, na hushikwa na pini tatu, mbili mbele ubavuni na moja nyuma.

Kisha nembo. Ngao ya rangi tatu, yaani nyeusi, nyeupe na nyekundu, ilikomeshwa mwaka 1940, na nembo ya tai ya jeshi la nchi kavu ikakomeshwa mwaka 1943. Kwa hiyo M42 yenye nembo mbili inajipinga yenyewe: umbo lake lilizaliwa miaka miwili baada ya ngao kufutwa. Nembo ya SS, kikosi cha chama cha Nazi, huongeza bei mara nyingi sana, na kwa sababu hiyo mimi huihesabu kuwa ya bandia mpaka vielelezo vyote vingine vinilazimishe kubadili mawazo. Iangalie kwa kioo cha kukuzia. Ukiona picha imejengwa kwa nukta ndogondogo zilizopangika kama za gazeti, ni ya mashine ya siku hizi. Ukiona mikwaruzo ya ganda inapita chini ya nembo na kutokea upande wa pili huku nembo yenyewe ikiwa nzima, nembo ilibandikwa baada ya mikwaruzo. Usijaribu kuithibitisha kwa asetoni, kwa kuwa nembo halisi ikiharibika hakuna wa kukurudishia.

Kabla ya kutamka neno bandia, kumbuka kwamba Norwei, Finland na polisi wa mpakani wa Ujerumani Magharibi walitumia tena maganda haya wakayapaka upya. Hispania ilitengeneza yake ya mfano huo, yenye kishikizo kidogo cha beji mbele, na Hungaria ikatengeneza M38 yenye kitanzi cha chuma kilichopigiliwa nyuma. Hizo ni kofia za heshima zinapouzwa kwa majina yake.

Dalili: M1 ina ufa ukingoni

Mgeni hudhani ufa ni hasara, na mwenye uzoefu hutabasamu. Maganda ya M1 ya wakati wa vita yalibaki na mkazo ndani ya chuma baada ya kushindiliwa, na kadiri miaka ilivyopita mkazo huo ulijitokeza kama nyufa nyembamba zinazoanzia ukingoni. Ufa wa namna hiyo, wenye rangi na kutu ndani yake, ni mojawapo ya dalili nzuri za umri, na kuuchomelea ni kuharibu.

Mengine yasome kwa pamoja. Vifungo vya ukanda vilivyochomelewa bila kucheza vilitumika hadi kuelekea mwisho wa 1943, kisha vikaja vinavyozunguka. Mshono wa utepe wa ukingo ulikuwa mbele hadi kuelekea mwisho wa 1944, kisha ukahamia nyuma. Mshono wa mbele wenye vifungo vinavyocheza hauna tatizo. Mshono wa nyuma wenye vifungo visivyocheza hauwezekani bila mkono wa mtu kuingia kati. Ndani, mbele, pana namba ya fungu la chuma, na herufi S ikiambatana nayo hutambulisha kampuni ya Schlueter ya St. Louis, wakati maganda mengine mengi yalitoka McCord ya Detroit. Rangi ya vita ilichanganywa na chembe za gome la kizibo ili isimetemete. Ikiwa inakwaruza kidole kama mchanga, ganda limepakwa upya baada ya vita, pengine na jeshi lenyewe.

Dalili: ukanda wa kidevu unang'aa chini ya tochi

Nyuzi na vitambaa vya kabla ya 1945 havikuwa na kemikali za kung'arisha weupe zinazowaka samawati chini ya mwanga wa urujuanimno. Ukanda unaowaka wote, pamoja na uzi wa mishono, ni mpya. Lakini sabuni za unga za leo zina kemikali hizohizo, na ukanda halisi uliofuliwa na mama mwenye nyumba utawaka vilevile. Tafuta mahali sabuni isipofika, ndani ya mkunjo ulioshonwa: pakiwa giza, ukanda umefuliwa, pakiwaka, umetengenezwa juzi.

Dalili: kofia haina kasoro, ila historia yake ina

Nimeletewa kofia ya Kijerumani "iliyookotwa uwanja wa mapigano wa Tanga". Mapigano ya Tanga yalikuwa Novemba 1914, wakati ambapo hakuna jeshi lililokuwa limegawa kofia ya chuma: Wafaransa walianza na ile ya Adrian mwaka 1915, Waingereza wakafuata mwaka huohuo, na Wajerumani waligawa yao mwaka 1916, huko Ufaransa. Wakati huo koloni la Ujerumani Afrika Mashariki lilikuwa limezingirwa baharini, na meli ya mwisho kupenya na shehena, Marie, ilifika ghuba ya Sudi Machi 1916. Askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika koloni hilo, hawakupigana na kofia za chuma za Kijerumani vichwani, si Tanga wala Mahiwa mwaka 1917.

Historia zinazowezekana zipo, na zinastahili kusikilizwa. Askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) walipigana Uhabeshi mwaka 1941 na Burma tangu 1944 chini ya vifaa vya Kiingereza, hivyo Mk II kutoka kwa familia ya mzee aliyekuwa huko si jambo la ajabu. Waitaliano maelfu waliletwa Kenya kama wafungwa wa vita, na M33 yao, inayotambulikana kwa ribiti tatu zenye matundu ya hewa, ingeweza kuja kama ngawira. Muulize muuzaji habari ya mtu kabla ya habari ya kofia: alikuwa kikosi gani, alirudi mwaka gani, kuna kitabu chake cha jeshi au picha? Anayejua sana kofia na hajui chochote kuhusu mwenyewe, mlipe bei ya chuma tu.

Ile Mk II ya siki bado ninayo. Nilipoisafisha chumvi na kuifungua yote, nilikuta ganda la 1941 lenye mhuri safi wa ROCo ambao mchuuzi hakuwa ameuona chini ya kutu yake mwenyewe. Ipo rafuni na lebo ya karatasi iliyofungwa kwenye ukanda: ganda 1941, bitana 1952, kutu ya siki.